Taa za mjengo: sahihi uliyotia na siku 60 zinazokukimbia

Msomaji wetu wa Watamu anaandika kwamba ghorofa linapanda kati ya nyumba yake na ufuo, na taa kali za kumulika huwaka pale usiku kucha. Watoto wake hawalali. Vijana wanaolinda mayai ya kasa wamemwambia vitoto vinavyoanguliwa vinapanda bara badala ya kushuka baharini. Alipokwenda kulalamika, afisa alimjibu: "Mama, si ulitia sahihi?"

Jibu hilo limewanyamazisha watu wengi, na ni jibu la uongo.

Kabla ya leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kutolewa, mtaalamu wa tathmini hupita nyumba kwa nyumba na fomu. Huuliza kuhusu vumbi, kelele, ajira kwa vijana wa mtaa. Mara nyingi taa hazitajwi, wala kazi ya usiku. Jirani hutia sahihi akidhani anaandikwa tu kwamba alikuwepo, kisha kwenye ripoti anageuzwa kuwa aliyekubali. Dada yangu, huwezi kuhesabiwa kwamba umeridhia jambo ambalo hukuelezwa, na Ibara ya 42 ya Katiba inayokupa haki ya mazingira safi na yenye afya haifutwi na fomu ya mtaani. Kwa ambao fomu haijawafikia bado: andikeni wenyewe pembeni kwamba hamkubali taa kuelekezwa kwenye nyumba wala ufuoni, kisha mpige picha ukurasa huo kabla haujaondoka mikononi mwenu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Anayepinga kutolewa kwa leseni ana siku 60 kwenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Majaji wamevutana kuhusu siku hizo zinaanza lini kwa jirani ambaye hakujulishwa. Usikubali kesi yako iwe uwanja wa mvutano huo. Wengi huzimaliza siku hizo 60 kwa msimamizi wa mjengo, kwa chifu, na kwenye ahadi za "tutaangalia wiki ijayo". Wakifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakili wa mstawishaji husimama na pingamizi moja tu: walipaswa kuanzia kwenye jopo. Na mara nyingi hufaulu.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Ikiwa unachopinga ni leseni yenyewe, kimbilia jopo na uombe amri ya kusimamisha kazi siku hiyo hiyo. Ikiwa leseni huna neno nayo ila masharti yake yanavunjwa, au haki yako inakanyagwa kila usiku, mlango wa mahakama uko wazi. Utajuaje masharti hayo? Soma ubao wa mjengo, chukua namba ya leseni, uiandikie NEMA ikupe nakala yake pamoja na mpango wa kusimamia mazingira. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri watasema hawakuiona.

Kisha huja ukaguzi. Mkaguzi anakuja saa nne asubuhi kuangalia taa! Anaandika kwamba hakuona tatizo, anaondoka. Dai kwa maandishi ukaguzi wa usiku, nawe uwe na picha zako zenye tarehe, zilizopigwa kutoka kitandani na kutoka ufuoni. Akikuomba pesa ya mafuta ya gari, hiyo ni hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inaweza kumfunga hadi miaka 10. Peleka jina lake EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Mwanakandarasi atajitetea kwamba sheria ya usalama kazini inamtaka awe na mwanga wa kutosha. Ni kweli, wala hakuna anayetaka fundi aanguke gizani. Lakini mwanga huo unatakiwa pale watu wanapofanyia kazi na kupita. Bahari haijengwi. Taa ishushwe, ifunikwe juu na ubavuni, iangalie chini, izimwe kazi ikiisha, na ya mlinzi iwe ya rangi ya kaharabu inayowaka mtu anapopita. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya ghorofa moja la ufuoni. Kitoto cha kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Taa moja iliyoinuliwa vibaya hukipeleka barabarani au kwenye makucha ya kaa, nacho hukauka jua likichomoza. Mama kasa naye akiona ufuo unang'aa huweza kugeuka bila kutaga.

Hapa sheria yenyewe inastahili lawama. Kelele zina kanuni zake tangu 2009: kwenye makazi mjengo usivuke desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mwanga haukupewa kipimo cha namna hiyo. Afisa mvivu hujificha hapo: hakuna namba, basi hakuna kosa. NEMA iandike kanuni za mwanga, na katika fuo wanakotaga kasa izifanye kali zaidi. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Haifai tumfunge anayemchinja huku tukimpa leseni anayeua kizazi chake kwa taa.

Hata bila kipimo, Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki ya mazingira inapotishiwa, bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Unaweza kuwasemea kasa.

Dada yangu wa Watamu, leo tafuta tarehe ya leseni hiyo. Ikiwa siku 60 hazijaisha, muone wakili kesho, au ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali ikiwa huna ada. Ikiwa zimeisha, shika masharti ya leseni na Ibara ya 70, uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Malindi. Na vitoto vya kasa vikipotea usiku, waite KWS, shirika la wanyamapori, au wale vijana wanaovilinda, usivibebe mwenyewe.