Homa Inayorudi Bila Malaria

Hapa kwetu Mtama, mkoani Lindi, homa ya mtoto hupewa jina kabla ya kipimo: malaria. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana saratani ya damu ya watoto hutupita machoni. Mtoto anachomwa kidole, malaria haionekani, dawa ya malaria anapewa hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye homa imerudi, kapauka, anaongezewa damu. Mwezi unaofuata anaongezewa tena. Hapo mzazi auliza: damu hii inakwenda wapi?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto. Katika saratani hii ya damu chembe nyeupe changa za aina ya limfosaiti huzaliana ovyo bila kukomaa, zikaufunika uloto kama magugu yanavyofunika ufuta. Chembe nyekundu zikikosa nafasi, mtoto hupauka na kuishiwa nguvu. Zile za kugandisha damu zikipungua, pua na fizi huvuja. Kinga ikikosekana, homa haikatiki. Mifupa nayo huuma, na mtoto aliyekuwa akikimbia anaomba kubebwa. Wengi hudhani ni selimundu. Saratani hii huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5, ingawa watu wazima nao huugua. Hauambukizi, wala hakuna aliyemroga.

Mvue mtoto nguo penye mwanga wa mchana. Tazama viganja na ndani ya kope kama pamepauka. Kwenye miguu tafuta vidoa vidogo vyekundu ambavyo ukivibonyeza havififii, na michubuko aliyoipata bila kuanguka. Papasa shingo, kwapa na kinena kama kuna tezi, kisha tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, ilipo bandama. Ukikuta mawili matatu kati ya haya pamoja na homa inayorudi, nenda hospitali ya Nyangao au Sokoine pale Lindi, na useme bila woga: "Daktari, homa hii ni ya tatu na malaria haionekani. Naomba apimwe picha kamili ya damu, na itazamwe kwa darubini." Beba karatasi zote za nyuma.

Linaloniuma zaidi ni vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni vinavyonunuliwa dukani bila kuandikiwa. Mtoto huchangamka kweli, maana dawa hizo huziua chembe za saratani kwa muda. Lakini ugonjwa unajificha, vipimo vinapotosha, na tiba yenyewe inakuwa ngumu baadaye. Usimpe aspirini pia, wala asichanjwe chale: damu haigandi, na kinga hana.

Ukipewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, usiuze mikorosho kwanza. Huko watoto wenye saratani hutibiwa kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha bila familia kudaiwa gharama za tiba. Uliza mapema habari za malazi.

Mwaka 1948 huko Boston, Sidney Farber alionyesha kwamba dawa zinaweza kuurudisha nyuma ugonjwa huu. Leo katika nchi tajiri hupona watoto karibu 9 kati ya 10. Lakini tiba huchukua miaka 2 hadi 3, na mtego uko mwanzoni kabisa. Baada ya wiki chache za dawa mtoto anakula, anacheza, na darubini haioni kitu. Msimu wa korosho unaita, mama anafunga mizigo. Chembe zilizobaki hazionekani, ila zipo, na zikirudi huwa sugu. Kabla ya kupanda basi la kusini, hakikisha una tarehe ya kurudi, na nyumbani mmekubaliana nani atabaki na wadogo wa mtoto huyu.

Akiwa nyumbani kati ya awamu za tiba, nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, msisubiri asubuhi: mpelekeni hospitali. Pesa ya bodaboda ikae pembeni, pamoja na karatasi yenye majina ya dawa zake na namba ya simu ya wodi.