Kupima Taimingi ya Kamshafti Kwenye Injini ya MGB

Umeifumua injini ya MGB, umebadilisha ringi na beringi, na sasa umefika kwenye cheni ya taimingi. Gia mbili za cheni zina nukta, na kitabu cha matengenezo kinasema nukta hizo zitazamane. Zitazamishe, gari litawaka. Ila magari haya yaliundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, na kamshafti na gia zinazouzwa leo hutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Nukta peke yake haitoshi. Pima.

Kamshafti ni mhimili wenye vinundu vinavyofungua valvu. Huzunguka mara moja kila krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Ikichelewa, gari huwa zito kuondoka. Usiichanganye na taimingi ya moto wa plagi: hiyo hupangwa kwenye distribyuta, baadaye.

Vifaa si ghali. Diski ya nyuzi 360 unaweza kuichapisha kwenye karatasi na kuigandisha kwenye bati. Geji ya saa, yenye mshale unaosoma sehemu za mia za milimita, azima kwa fundi wa kuchonga vyuma. Kazi ni rahisi zaidi silinda hedi ikiwa bado haijafungwa.

Kwanza tafuta kilele halisi cha pistoni ya kwanza, iliyo upande wa cheni. Usikisie kwa macho, maana pale juu pistoni huonekana imesimama huku krankshafti ikiendelea kuzunguka. Funga diski mbele ya krankshafti, tengeneza kielekezi cha waya, kisha funga chuma juu ya silinda ili pistoni igote kabla ya kufika juu. Zungusha taratibu kwa mkono hadi igote, soma namba. Rudi upande wa pili hadi igote tena. Ukipata 25 kabla ya sifuri na 31 baada yake, sogeza kielekezi hadi pande zote zisome 28. Sasa sifuri ni kilele. Ondoa chuma.

Weka tapeti na fimbo yake ya kusukumia kwenye tundu la pili kutoka mbele. Hiyo ni ya valvu ya kuingiza. Simamisha geji juu yake. Zungusha injini kuelekea inakozunguka kila siku, kulia ukiitazama kutoka mbele, bila kurudi nyuma, cheni isije ikalegea ikakudanganya. Soma diski fimbo ikibakiza milimita 0.1 kufika juu kabisa, na tena ikishashuka kiasi hichohicho. Ukipata 104 na 124, katikati ni 114. Kamshafti ya kawaida ya MGB za mwanzo hutaka 110. Ya mbio ina namba yake kwenye karatasi iliyokuja nayo.

Basi imechelewa nyuzi 4 za krankshafti, yaani 2 za kamshafti. Dawa yake ni kii iliyopinda, kipande kidogo kinachoshika gia kwenye kamshafti. Maduka ya vipuri vya MG Uingereza huziuza kwa ukubwa tofauti, kwa bei ndogo sana kuliko ya kamshafti. Uliza kwanza nyuzi zilizoandikwa ni za mhimili upi. Ifunge, pima upya. Namba ikipanda badala ya kushuka, umeigeuza kii.

Kamshafti na tapeti zikiwa mpya, zipake grisi ya kuunganishia injini, na siku ya kuwasha ishikilie injini kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Usiiache ikinguruma polepole.