Boksi la umeme mbele ya geti

Swali: Mbele ya geti letu kuna boksi la chuma la umeme, baya kweli. Naweza kulipaka rangi?

Jibu: Boksi ni mali ya shirika la umeme, kwa hiyo usiliguse bila ruhusa yao ya maandishi. Rangi ikiziba matundu ya hewa, ndani hupata joto. Ikifunika namba, fundi wa dharura atahangaika. Mimi ningepanga vyungu vya mchaichai pembeni na nyuma, mbele pabaki wazi mlango ufunguke wote. Vyungu huhamishika, na huchimbi penye nyaya. Michongoma hapana: fundi atakuja usiku na panga, na simlaumu. Kama kutu imeshatoboa bati, hilo si suala la urembo tena. Toa taarifa leo.