SOMA KADI KABLA YA KUTOA FEDHA

Ndugu msomaji, umeuza dagaa pale Kibirizi, sasa wataka kununua gari lililokwisha tumika kwa mtu. Sisi tunasema: taratibu kwanza. Mtu binafsi hatoi garantii.

Nenda asubuhi, ukute injini ni ya baridi. Ikishapashwa moto, ubovu mwingine hujificha. Washa. Ikitoa moshi wa buluu, inakula oili.

Halafu soma kadi ya gari. Jina ni la muuzaji? Namba ya chesisi ni ile iliyogongwa kwenye gari? Zisipolingana, usitoe hata senti. Zikilingana, andikianeni mbele ya mashahidi, kisha mkabadilishe jina TRA.

Akisema, "Kadi ya nini, ndugu yangu, si tunaaminiana?" mjibu: "Tunaaminiana, lakini kusoma nimejifunza."