Maandalizi ya Akili: Mfano wa Penalti
Wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika tu "mchezaji ajiamini". Eleza namna. Woga huongeza adrenalini mwilini. Moyo hudunda haraka, misuli hukaza, na mpigaji huharakisha. Kwa hiyo kocha humzoeza mapema utaratibu usiobadilika: achague upande, aweke mpira, arudi hatua zilezile, avute pumzi na kuitoa polepole, kisha apige. Akili iliyoshika kazi hizo hubaki na nafasi ndogo ya kuwaza kukosa.

Mfano mzuri ni fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2012, Libreville. Wachezaji wa Zambia waliimba wakati wa penalti. Stoppila Sunzu akafunga ya mwisho, 8–7 dhidi ya Ivory Coast. Usiandike kwamba nyimbo zilifunga magoli! Andika kwamba ziliishughulisha akili wakati wa kusubiri.