Kura, Dau na Mchango: Hukumu ya Kamari ya Mashindano ya Raga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad: somo hili lahusu jambo dogo kwa sura yake, kubwa kwa hukumu yake. Watu wengi huliingia wakicheka, kwa kuwa pesa zake ni chache na wenziwe ni marafiki. Walakini sharia haiangalii kicheko cha watu wala udogo wa pesa. Huangalia mkataba wenyewe ulivyofungwa.

Sura ya jambo lenyewe

Mji wa Moshi umekusanya watu wa asili nyingi. Reli ya kutoka Tanga ilifika huko kabla ya vita vya 1914, ikachukua watu wa mwambao, mafundi na wafanya biashara, wakakaa chini ya mlima pamoja na Wachaga wenye nchi na Wahindi wenye maduka. Leo wageni wa kupanda Kilimanjaro hutoka kila pembe ya dunia, nao huandamana siku nyingi na waongozaji na wapagazi wa Marangu, Machame na Kibosho. Wengi katika wageni hao, khasa watu wa Uingereza, Afrika Kusini na Nyuzilandi, hupenda raga kama vijana wa Moshi wapendavyo kandanda.

Raga ni mchezo wa mpira mrefu mfano wa yai, ambao huchukuliwa kwa mikono. Kila upande una watu 15, na mchezo ni wa dakika 80. Kila miaka minne hufanywa Kombe la Dunia. La mwaka 2023 lilichezwa Ufaransa kwa mataifa 20, na linalofuata limepangwa kuchezwa Australia kwa mataifa 24, kuanzia Ijumaa, tarehe 1 Oktoba 2027.

Basi chukulia watu ishirini wafanyao kazi pamoja, baadhi yao Waislamu na baadhi yao si Waislamu. Mmoja wao hushika daftari, kila mtu akatoa shilingi 5,000, zikawa 100,000. Majina ya mataifa huandikwa juu ya vipande vya karatasi, yakatiwa katika kofia, na kila mtu akachomoa jina moja. Taifa litakalotwaa kombe, mwenye karatasi yake huchukua pesa zote, na wale kumi na tisa hurudi mikono mitupu. Wenyewe huliita jambo hili mchezo wa kuchangamsha kazi. Je, katika sharia jina lake ni lipi?

Asili ya uharamu

Katika Suratul Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia bao, akavihukumu vyote kuwa ni uchafu utokao katika kazi ya shetani, akaamrisha viepukwe. Na katika aya ya 91 ameeleza sababu mbili: shetani hutaka kutia uadui na bughudha baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mungu wala wasisali.

Wanazuoni wameieleza kamari kwa maneno mepesi: ni kila mchezo ambao yule auingiaye yu baina ya mambo mawili, ama apate mali ya mwenziwe, ama apoteze mali yake. Mtu akiupima mkataba wa kofia kwa kipimo hiki ataona umeenea sawasawa. Kila mmoja ametoa 5,000. Kila mmoja atapata 95,000 za wenziwe, au atapoteza zake. Hapana wa tatu wala hapana njia ya kutoka. Hiyo ndiyo kamari bila ya shaka, ijapokuwa haina meza wala karata.

Na mwenye kusoma tafsiri za Kurani ataona kuwa kofia hii si jambo jipya. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mishale kumi wakiitia katika mfuko. Saba ilikuwa na mafungu na mitatu haikuwa na kitu. Walichinja ngamia, wakachomoa mishale kwa majina ya watu. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alipata nyama, na aliyetokewa na mshale mtupu alilipa thamani. Mfuko umekuwa kofia, na mshale umekuwa karatasi, lakini hukumu haikugeuka kwa kugeuka chombo.

Tazama tena jinsi mali inavyohama. Katika mchezo wa mwisho wa 2023, Afrika Kusini waliwashinda Nyuzilandi kwa pointi 12 kwa 11. Afrika Kusini hawakupata hata mara moja kuuweka mpira nyuma ya mstari. Pointi zao zote zilitoka katika mikwaju minne ya adhabu iliyopigwa na Handré Pollard, kila mkwaju pointi 3. Kwa pointi moja iliyopatikana Paris, mali ya watu kumi na tisa huko Moshi huingia katika mfuko wa mtu mmoja ambaye hakulima, hakuuza, wala hakuchukua mzigo. Na yule aliyechomoa Namibia au Chile, mataifa ambayo mwaka huo yalishindwa michezo yao yote minne, alilipa sawa na aliyechomoa Afrika Kusini. Huku ndiko kula mali za watu kwa batili, kulikokatazwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29.

Kura si haramu. Haramu ni dau

Yafaa ijulikane kuwa kupiga kura peke yake si kosa. Imesihi katika Hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na aliyetokewa na kura ndiye aliyefuatana naye. Kura ile haikumpokonya mtu mali yake. Ilikata shauri baina ya watu wenye haki sawa.

Kwa ajili hii upatu hauingii katika uharamu huu. Watu kumi hutoa 5,000 kila mwezi, na kura huonyesha nani atangulie na nani afuate. Lakini mwisho wa mzunguko kila mmoja amepokea kadiri ya alichotoa, hakuna aliyezidi wala aliyepunguka. Qalyubi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1069 Hijria, ameutaja mchango wa namna hii waliokuwa wakiufanya wanawake, na kwamba unajuzu. Basi asiseme mtu kuwa upatu na kofia ya raga ni ndugu kwa sababu zote mbili zina kura. Katika upatu mali hurudi kwa mwenyewe. Katika kofia hairudi.

Mashindano yenye zawadi ya halali

Huenda mtu akasema: mbona vitabu vya fiqhi vina mlango wa mashindano, na humo mna kutoa mali? Jawabu ni kwamba mlango huo una mipaka yake. Imepokewa katika Hadithi kuwa zawadi ya mashindano ni katika ngamia, farasi na mishale, kwa sababu hayo ni matayarisho ya jihadi. Imam Nawawi katika Minhaj ameyataja hayo na yaliyo mfano wake, kisha akatoa nje mambo ambayo haijuzu kushindania mali: katika hayo ni mpira upigwao kwa gongo, kuogelea, sataranji, na kusimama kwa mguu mmoja. Raga iko karibu na mpira wa gongo kuliko mishale.

Na hata katika mishale, wapigao wawili wakitoa dau wote wawili haisihi mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu, aliye hodari sawa nao, ili mkataba utoke katika sura ya kamari. Ikiwa wapiga mishale wenyewe wamewekewa kizuio hiki, itakuwaje kwa mtu aliyekaa Moshi, asiyecheza, asiyejua pengine hata kanuni za mchezo, naye huweka dau juu ya miguu ya watu wa Ulaya?

Masuala na majibu

Suala: Pesa ni chache, nazo hazimdhuru mtu. Je, hukumu haipungui?
Jawabu: Haipungui. Katika Hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemuamrisha yule aliyemwita mwenziwe waende kucheza kamari atoe sadaka. Ikiwa mwito peke yake wahitaji kafara, vipi kitendo? Tena shilingi 5,000 kwa mpagazi aliyepanda na mzigo wa watu ni jasho. Haifai kuita jasho la mtu kuwa ni kitu kidogo.

Suala: Wote wameridhia. Kosa liko wapi?
Jawabu: Ridhaa huhalalisha biashara iliyo halali, haigeuzi haramu kuwa halali. Mlipa riba naye huridhia.

Suala: Tukikata fungu tukawapa mayatima, au tukanunua mikeka ya msikiti?
Jawabu: Waarabu wa ujahili walikuwa wakiwapa maskini nyama waliyoshinda na wakijifakhiri kwa hilo. Suratul Baqara, aya ya 219, imekubali kuwa kamari ina manufaa kwa watu, kisha ikahukumu kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Sadaka hutolewa katika mali njema.

Suala: Serikali imeruhusu nyumba za kubahatisha. Je, hiyo si ruhusa?
Jawabu: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo. Leseni huondoa adhabu ya dola. Haiondoi hisabu ya akhera.

Suala: Mwenye kushika daftari, naye hakutoa dau wala hakuchomoa karatasi, ana kosa?
Jawabu: Analo. Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mshika daftari ndiye akusanyaye, aandikaye na agawaye. Pasipo yeye kofia haizunguki.

Suala: Mtu amekwisha kushinda na pesa amekwisha kuzitumia. Afanyeje?
Jawabu: Mali ya kamari haimilikiwi na aliyeichukua. Atubu, na awarudishie wenyewe kila mmoja 5,000 zake, hata ikiwa kidogo kidogo. Asiyejulikana alipo, na akakatiwa tamaa ya kupatikana, fungu lake litolewe kwa maskini au kwa maslaha ya Waislamu, kwa nia ya kujivua na deni, si kwa nia ya kutafuta thawabu za sadaka.

Njia za halali

Sharia haikumfungia mtu mlango ila imemfungulia mwingine. Wenye kutaka kuchangamsha kazi wana njia tatu.

Ya kwanza: wachomoe majina ya mataifa pasina pesa. Mtu akapata taifa lake, akalishangilia, na wenziwe wakamtania. Hapo hapana mali iliyohama.

Ya pili: mwenye kazi, au mtu mwingine aliye nje, aahidi kumpa zawadi katika mali yake yule ambaye taifa lake litatwaa kombe, na asitozwe mtu chochote. Hapo hapana akhofiaye kupoteza, na zawadi huwa ni hiba. Lakini ikiwa zawadi hiyo imekatwa kwa siri katika mishahara yao, mambo yamerudi pale pale.

Ya tatu, nayo ni bora: watu ishirini watoe 5,000 zao, zinunuliwe mchele, nyama na matunda, wale wote sahani moja siku ya mchezo wa mwisho, mwenye taifa lililoshinda na mwenye taifa lililoshindwa. Katika Bukhari na Muslim Mtume (S.A.W.) amewasifu watu wa kabila la Ash'ari, kwa kuwa chakula kilipowapungukia walikuwa wakikusanya walichonacho pamoja, kisha wakagawana sawasawa. Mchango ni ule ule na kiasi ni kile kile. Kilichotoka ni dau tu, na kilichoingia ni udugu.

Adabu ya kukataa

Muislamu afanyaye kazi pamoja na watu wa dini nyingine asikatae kwa ukali, wala asiwakebehi wenziwe. Imtoshe kusema: "Ndugu zangu, dini yangu hainiruhusu kuweka dau, lakini mchango wa chakula nitautoa wa kwanza." Neno hili likisemwa mapema, kabla ya daftari kuzunguka, halimvunji mtu uso. Likisemwa baada ya mtu kuchomoa karatasi na kuona amepata taifa dhaifu, watu watasema amekimbia khasara, wala hawatasema amemcha Mungu.

Na aangalie saa. Mchezo wa mwisho wa 2023 ulianza saa nne ya usiku kwa saa za Moshi, na aliyekesha aliikabili alfajiri kwa macho mazito. Mashindano ya 2027 yatafunguliwa siku ya Ijumaa, na jioni ya Australia ni mchana wa Afrika Mashariki. Kutazama mchezo kuna hukumu yake. Kuiacha sala ya Ijumaa kwa ajili yake ni haramu hata kama hapana senti moja iliyowekwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo halali, na atuepushe na kila mali itakayotuulizwa kesho nasi hatuna jawabu. Wabillahi t-tawfiq.