Kansa ya Ngozi ya Mama: Je, Yaweza Kumfikia Mtoto Tumboni?



Akina mama wanaohudhuria kliniki wamekwisha kufundishwa kwamba yako magonjwa ambayo mama mjamzito aweza kumpa mtoto wake: virusi vya UKIMWI, kaswende, hata malaria. Kwa hiyo mama mjamzito akiambiwa ana kansa, swali lake la kwanza si juu yake mwenyewe. Huuliza, "Na huyu aliye tumboni, nimemwambukiza?" Wakati mwingine ndugu huuliza swali hilohilo kwa lawama.

Jibu kwa kifupi ni hili: kansa ya mama kumfikia mtoto tumboni ni jambo la nadra sana. Lakini katika hayo machache yaliyowahi kuonekana, kansa moja ya ngozi iitwayo melanoma ndiyo inayoongoza. Mwezi huu tujifunze habari zake, ili anayepaswa kutibiwa atibiwe mapema, na asiye na sababu ya kuogopa atulie.

MELANOMA NI KANSA GANI?

Katika ngozi yetu mna chembe hai zinazotengeneza rangi. Chembe hizo zikiharibika na kuanza kuzaliana bila utaratibu, hiyo ndiyo melanoma. Kwa watu weupe husababishwa sana na jua. Kwetu sisi weusi hutokea mara chache, na ikitokea hupenda mahali ambapo hatupatazami: unyayo wa mguu, kiganja, na chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alionekana nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36 tu, baada ya ugonjwa kuenea mwilini.

Ndugu zetu wenye ualbino hupata kansa ya ngozi kwa wingi, lakini nyingi ya hizo ni za aina nyingine zitokanazo na jua, hasa usoni, masikioni na shingoni. Nao wanapaswa kupimwa ngozi mara kwa mara.

Melanoma ikiwa changa hukatwa na mgonjwa akapona. Ikicheleweshwa hushuka ndani ya ngozi, hufika kwenye mitoki, kisha huingia katika damu na kwenda mapafuni, kwenye ini na hata kwenye ubongo.

HUPITAJE KUMFIKIA MTOTO?

Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kati yao lipo kondo la nyuma, ambalo hupitisha chakula na hewa kama chujio. Kansa ikiwa imeingia katika damu ya mama, chembe zake zaweza kunasa kwenye kondo. Mara nyingi huishia hapo. Hata zikivuka, mwili wa mtoto huzitambua kuwa ni ngeni, kwa kuwa nusu ya urithi wake umetoka kwa baba, nao huziangamiza.

Mwaka 2009 wataalamu walieleza habari za mama mmoja wa Japani na mtoto wake waliopata kansa ileile ya damu. Chembe za kansa zilizomkuta mtoto zilikuwa zimepoteza zile alama ambazo kwazo mwili hutambua kitu kigeni. Zilipita kama mgeni aliyevaa sare za wenyeji. Ndiyo maana jambo hili, ingawa ni nadra, laweza kutokea.

NI MARA NGAPI HUTOKEA?

Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walikusanya taarifa zilizokuwa zimeandikwa duniani kuhusu kansa ya mama iliyofika kwenye kondo au kwa mtoto. Walipata wanawake 87 tu. Kati yao 27 walikuwa na melanoma. Katika hao 27, watoto 6 walipata kansa hiyo, na watano kati ya hao sita walifariki.

Tuone mambo mawili hapa. Kwanza, hata kondo lilipokuwa na kansa, watoto wengi walisalimika. Pili, hatari hii ni ya mama ambaye ugonjwa wake umekwisha kuenea mwilini. Mama ambaye doa lake limekatwa mapema, kabla halijaenea, hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto. Basi, kumlinda mtoto huanzia kwenye unyayo wa mama.

NGOZI YA MJAMZITO

Mimba yenyewe hubadili rangi ya ngozi. Mstari mweusi chini ya kitovu, chuchu kuwa nyeusi zaidi, na madoa ya kahawia yanayotokea pande zote mbili za uso ni mambo ya kawaida. Hatari ni kusema kila badiliko ni la mimba. Mwonyeshe mganga au muuguzi ukiona:

1. Doa jeusi lisilo na umbo sawa, upande mmoja ukitofautiana na mwingine.
2. Kingo zilizochongoka, au rangi zaidi ya moja katika doa moja.
3. Doa linalokua, hasa likipita upana wa kifutio cha penseli.
4. Doa linalowasha, kutoa damu au kuchubuka.
5. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka.
6. Kidonda cha unyayo kisichopona baada ya mwezi mmoja, hata kama unadhani ulichomwa na mwiba.

Usilikate kwa wembe, wala usilichome kwa dawa. Ukifanya hivyo utaharibu sura yake, na mganga atachelewa kulitambua.

MATIBABU WAKATI WA MIMBA

Wako akina mama wanaosema, "Nitakwenda hospitali nikishajifungua." Hilo ni kosa kubwa. Doa laweza kukatwa kwa sindano ya ganzi ya mahali hapo tu, bila kumdhuru mtoto, kisha likapelekwa kupimwa maabara. Dawa kali za kansa huepukwa hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Zikihitajika baadaye, daktari hupima faida na madhara pamoja na wazazi. Kuitoa mimba hakuponyi melanoma, kwa hiyo mama asidanganywe kwamba hiyo ndiyo dawa.

Wengine hudhani kukubali kisu wakati wa mimba ni kukosa imani. Mtakatifu Gianna Beretta Molla, aliyekuwa daktari huko Italia, alikubali mwaka 1961 kuondolewa uvimbe wa kizazi akiwa na mimba changa, na mimba ikaendelea hadi mtoto akazaliwa salama.

KONDO LISIZIKWE KABLA YA KUPIMWA

Kama mama ana melanoma, au aliwahi kuipata, amweleze mkunga mapema ili asijifungulie nyumbani. Kondo lapaswa kuangaliwa kwa macho, na kipande chake kupimwa kwa darubini katika hospitali kubwa zenye maabara hiyo, kama vile Bugando, KCMC au Muhimbili. Mahali pengi ndugu hutaka kulichukua kondo na kulizika. Zungumzeni na mkunga kabla ya siku ya kujifungua, ili kipande kikatwe kwanza.

Kondo likikutwa na kansa, mtoto aangaliwe kwa karibu kwa miaka miwili: ngozi yake yote, ini, kifua na uzito. Uvimbe mweusi au wa bluu kwenye ngozi, tumbo kujaa, kupumua kwa shida au kutoongezeka uzito ni sababu ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo. Kunyonyesha hakumpi mtoto kansa. Lakini mama anayepewa dawa za kansa amuulize daktari kwanza.

NENO KWA AKINA BABA NA WAKWE

Melanoma si ugonjwa wa uzinzi, wala si uchawi, na haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja au kula pamoja. Mama hakuchagua kuipata. Akirudishwa kwao au akisemwa vibaya, mwenzake mwenye doa kama hilo ataficha mguu wake, na ugonjwa utaenea kimyakimya. Nauli ya kwenda hospitali mapema ni sadaka kwa watu wawili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika familia yetu ambaye hajawahi kutazama nyayo zake? Jioni ya leo tutazamane.
2. Kwa nini mama mjamzito huficha ugonjwa wake? Sisi tunachangiaje?
3. Jumuiya yetu yaweza kufanya nini ili mama anayehitaji kwenda hospitali ya mbali asikwame kwa nauli?

Mungu awabariki.